Somo wa Harusi Tunaye, Somo wa Maradhi Yuko Wapi?



Sifa zote njema ni za Allah Subhanahu wa Taala, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Ndugu wasomaji, juma hili safu yenu inabisha hodi katika chumba ambacho sisi watu wa Pwani hatukuzoea kukifungua mbele ya watu. Tutaingia kwa adabu na kutoka kwa adabu. Wazazi wataamua wenyewe kama ukurasa huu usomwe mbele ya watoto wadogo, au uwekwe kando usomwe baada ya Isha.

Miezi michache iliyopita, baada ya darsa ya akina mama, mwanamke mmoja alibaki nyuma akikunja mikeka iliyokwisha kukunjwa. Nikajua ana neno. Ana umri wa miaka 43 na watoto wanne. Alitibiwa saratani ya mlango wa kizazi, akakaa Nairobi wiki sita kwa ajili ya mionzi, na aliporejea alipokewa kwa dua na sinia za biriani. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Maalima, watu wananipongeza kuwa nimepona. Lakini mimi sina mume."

Nilidhani ameachwa. La, hakuachwa. Bwana yule analeta chakula, ananunua dawa na kutoa nauli ya kliniki bila kunung'unika. Ila tangu mkewe arudi yeye hulala sebuleni, na mwezi ule ulikuwa wa tisa. Hakusema sababu, wala mke hakuuliza. Juu ya hayo, mavyaa alikuwa amepitisha neno kwa jirani kwamba maradhi yale "huokotwa nje". Neno likamfikia mwenyewe, kama maneno yote yanavyomfikia mwenyewe.

Aliniuliza maswali matatu. Je, nikimkaribia mume wangu nitamwambukiza? Je, mwili wangu huu unaweza tena, au nikijaribu nitaumia na saratani itarudi? Na je, ninaandikiwa dhambi kwa kumkosesha haki yake? Sikuwa na majibu. Nikamwomba anipe muda, nikaenda kwa muuguzi wa kike mwenye uzoefu mrefu na wagonjwa wa saratani, kisha kwa ustadhi ninayemwamini katika fiqhi. Haya ninayoyaandika ni niliyoyapata, na nayaandika kwa idhini ya mama huyo, kwa sharti kwamba asitambulike.

Kuhusu haya

Najua yuko atakayesema mambo haya ni ya aibu. Tukumbuke kwamba Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Na Ummu Sulaym (R.A.) alimwendea Mtume (S.A.W.) akamuuliza waziwazi juu ya josho la mwanamke, na akajibiwa bila kukemewa. Haya ni sehemu ya imani. Lakini haya ya kweli humzuia mtu na maovu. Ile inayomzuia na elimu ya kulinda mwili wake na ndoa yake ni mzigo tuliojitwisha wenyewe.

Swali la kwanza: je, huambukiza?

Saratani yenyewe haiambukizi. Haipiti kwa tendo la ndoa, kwa busu, kwa jasho, kwa kikombe wala kwa shuka. Mume anayelala na mkewe aliye na saratani ya titi, ya mlango wa kizazi au ya kiungo chochote hapati saratani kutoka kwake.

Mkanganyiko unatokana na jambo hili: takriban saratani zote za mlango wa kizazi huanzia kwa kirusi kiitwacho HPV, na kirusi hiki ndicho kinachopita baina ya watu wanapokaribiana kimwili. Hapo ndipo ulimi wa mavyaa ulipoteleza. Basi na tueleze sawasawa. Kirusi hiki ni cha kawaida mno. Wengi wa watu waliowahi kuoa au kuolewa hukipata wakati fulani wa maisha yao bila kujua, bila maumivu wala dalili. Aghalabu mwili hukiondoa wenyewe. Kwa wanawake wachache hubakia, na tangu kubakia hadi kugeuka saratani huweza kupita miaka kumi na mitano, ishirini au zaidi. Hakuna daktari awezaye kukwambia kilitoka kwa nani, wala mwaka gani. Kinaweza kutoka katika ndoa ya kwanza ya mke, au ya kwanza ya mume, kabla wawili hawa hawajaonana.

Kwa hiyo saratani hii si ushahidi wa zinaa, si kwa mke wala kwa mume. Na mwenye kuifanya ushahidi aogope. Kumsingizia zinaa mwanamke mwenye kujihifadhi ni miongoni mwa madhambi saba yenye kuangamiza, na Suratun Nur imeweka adhabu kali juu yake. Mtu hupitisha neno moja barazani akidhani amesema juu ya ugonjwa, kumbe amesema juu ya heshima ya mja wa Allah.

Katika nyumba ya wake wawili, maradhi ya mmoja yasiwe siri inayomdhuru mwingine. Mke mwenza naye aende akapimwe mlango wa kizazi, bila lawama kwa yeyote. Serikali yetu huwalenga hasa wanawake wa miaka 25 hadi 49 katika upimaji huu, na tangu mwaka 2019 mabinti wa umri wa miaka kumi wamekuwa wakipewa chanjo ya kirusi hicho. Tusiwanyime binti zetu kinga ambayo mama zao hawakuipata.

Yapo mambo mawili ya tahadhari. Mgonjwa anayepewa dawa za saratani kwa mshipa, ile tiba ambayo wagonjwa wenyewe huiita kemo, hubaki na masalio ya dawa katika majimaji ya mwili kwa siku kadhaa. Katika siku hizo mume na mke wakikutana watumie kondomu, na daktari atawaambia ni siku ngapi kwa dawa waliyopewa. Tena ni lazima wajikinge na mimba muda wote wa tiba na miezi kadhaa baadaye, kwani dawa na mionzi humdhuru mtoto tumboni. Asidanganyike mwanamke kwa kuwa hedhi imekatika. Mimba yaweza kuingia hata hivyo. Wanazuoni wengi wameruhusu kinga ya namna hii baina ya mume na mke wanaporidhiana, kwa kuilinganisha na azli iliyokuwa ikifanywa zama za Mtume (S.A.W.).

Ama mionzi, ile inayopigwa kwa mashine kutoka nje haibaki mwilini. Ile ya ndani inayotumiwa kwa mlango wa kizazi huingizwa, hufanya kazi yake na kutolewa kabla mgonjwa hajarudi nyumbani. Anayefika mlangoni kwako ni mkeo, wala hatoi miale. Mkumbatie.

Swali la pili: je, mwili unaweza?

Unaweza, lakini si kama jana, na si kwa haraka. Ni vyema kila mmoja ajue tiba imefanya nini, ili asijilaumu kwa lisilokuwa kosa lake.

Mionzi ya nyonga huunguza ngozi laini ya ndani ya uke. Inapopona hubaki kavu, nyembamba, na isipoangaliwa njia hukaza na kufupika. Mayai ya uzazi nayo huacha kufanya kazi, na mwanamke wa miaka 35 akajikuta katika hali ya bibi aliyekoma hedhi: joto la ghafla usiku, ukavu, usingizi wa mang'amung'amu, na hamu kupotea. Kemo huchosha mwili hadi mifupani, hung'oa nywele, na pengine nayo hukatisha hedhi. Vidonge vinavyomezwa kwa miaka mingi baada ya saratani ya titi vyaweza kuleta joto na ukavu vilevile. Na mwanamke aliyekatwa titi huweza kupoteza hisia kifuani pake, akaona kioo kimekuwa adui. Hamu inapotoweka katika hali kama hii haina maana kwamba mapenzi yamekwisha. Ni mwili uliotumwa vitani na bado haujarudi.

Sasa tiba ya hayo. Baada ya upasuaji wa kuondoa kizazi, wanandoa hungoja kwa kawaida wiki sita hadi nane, na daktari athibitishe kuwa kidonda cha ndani kimefunga. Baada ya mionzi nako hungojwa mpaka ngozi itulie. Kwa ukavu, iko jeli ya kulainisha iliyotengenezwa kwa maji, inayouzwa katika maduka ya dawa. Hutumiwa kwa wingi na bila kuona haya kila mnapokutana. Msitumie mafuta ya nazi au ya kujipaka pamoja na kondomu za mpira, kwani huzipasua. Zipo pia dawa za kutia unyevu ambazo hutumiwa mara mbili au tatu kwa wiki, hata kama hakuna kukutana. Krimu zenye homoni zisinunuliwe kwa kuelekezwa na shoga. Aliyekuwa na saratani ya titi hasa amuulize kwanza daktari wake wa saratani.

Kwa aliyepigwa mionzi ya nyonga kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi, au huambiwa kwa haraka mlangoni pa kliniki. Hupewa kijiti laini cha plastiki chenye kichwa cha mviringo, kinachokuja kwa ukubwa tofauti tofauti. Hupakwa jeli, huingizwa taratibu ukeni na kuachwa kwa dakika tano hadi kumi, mara mbili au tatu kwa wiki, kuanzia wiki chache baada ya mionzi kwisha na kuendelea kwa mwaka au zaidi. Kazi yake ni kuzuia njia isigandamane. Hii ni dawa kama dawa nyingine, na humfaa hata mjane au asiye na mume, kwa sababu njia ikifunga, daktari hataweza kumchunguza kuona kama ugonjwa umerudi. Tone la damu jepesi mara ya kwanza si ajabu. Damu nyingi, damu inayorudi kila mara, uchafu wenye harufu mbaya, homa, au maumivu yasiyopungua hupelekwa hospitali bila kungoja siku ya kliniki.

Na tendo lenyewe, likifanywa kwa upole baada ya kupona, halirudishi saratani wala haliichochei.

Muuguzi yule aliongeza mawaidha ya mwenye uzoefu. Chagueni saa ambayo mgonjwa amepumzika. Baada ya usingizi wa mchana ni bora kuliko usiku wa manane. Ikiwa ana dawa ya maumivu aliyoandikiwa, aimeze nusu saa au saa moja kabla. Mto chini ya nyonga, au kulala ubavu, huondoa uzito juu ya kovu na mkono uliovimba. Mke ndiye apewe usukani wa mwendo na kina, na akisema basi, iwe basi. Anayetaka kufunika kifua chake kwa kanga au fulana asilazimishwe kukifunua. Siku yake itafika, au haitafika, na yote mawili ni sawa. Zipo siku ambazo chembe za kinga zimeshuka mno baada ya kemo, au damu haigandi vyema. Siku hizo daktari akisema ngojeni, ngojeni.

Hapa nina nasaha ya kwetu Pwani. Tunajua kujipamba, alhamdulillahi. Fukizeni nguo kwa udi, tandazeni asumini kitandani mkipenda, ikiwa harufu haimtapishi mgonjwa, maana kemo hugeuza pua. Lakini kujifukiza sehemu za siri, kujiosha ndani kwa sabuni, kutumia shabu au majani ya kubana, hayo yote yaachwe kabisa. Ngozi iliyoungua kwa mionzi haitaki kubanwa. Tayari imebana kupita kiasi. Hata singo isisuguliwe mahali palipochorwa alama za mionzi au palipobabuka.

Swali la tatu: je, ana dhambi?

Nilipomfikishia ustadhi swali hili alinyamaza kidogo, kisha akasema: mwambie asilie kwa jambo ambalo sheria imempa udhuru. Onyo lililokuja kwa mke anayemkatalia mumewe linamhusu asiyekuwa na udhuru, na maradhi ni udhuru ulio wazi. Katika dini yetu hakuna kudhuru wala kudhuriana. Mume anayemlazimisha mke mgonjwa kwa kumsomea hadithi amechukua nusu ya elimu na kuitupa nusu.

Kisha akanieleza jambo nililokuwa silijui vyema. Mafakihi wanapozungumzia zamu za usiku baina ya wake, wameeleza kwamba mke mgonjwa hapotezi zamu yake, hata ikiwa hawezi tendo la ndoa, kwa sababu zamu imewekwa kwa ajili ya utulivu na uenzi. Kulala kando yake ni haki yake. Basi bwana anayekimbilia sebuleni, hata kwa nia njema, aangalie asije akawa ameondoa haki akidhani ameondoa karaha.

Na ukaribu una milango mingi. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba alipokuwa katika hedhi, Mtume (S.A.W.) alikuwa akiegemea mapajani mwake akisoma Qur'ani, na akinywa mahali pale pale pa chombo alipogusa mdomo wake. Tendo halikuwapo, na mapenzi yalikuwapo. Kumpaka mafuta miguu inayouma, kumshika mkono usiku, kumchana nywele zinazoanza kuota upya: hayo nayo ni unyumba. Qur'ani katika Suratul Baqarah imewafananisha mume na mke na vazi kwa mwenzake. Vazi haliondolewi mwilini siku ya baridi.

Wapo pia wanaoanza kumtajia mume ndoa ya pili mbele ya kitanda cha mgonjwa. Sheria imeruhusu mitala kwa uadilifu, na hilo halina ubishi. Lakini kulipeleka jambo hilo kwa mume ambaye hakulitaka, wakati mkewe anatapika kemo, ni ukatili unaovaa kanzu ya nasaha.

Ama ibada, damu inayotoka kwa sababu ya kidonda au uvimbe hesabu yake ni istihadha, si hedhi. Mwanamke huendelea kuswali kwa kutawadha kila wakati wa swala, na wanazuoni wengi hawakuona kizuizi cha mume kumkaribia, ila kizuizi cha daktari kikiwapo kifuatwe. Aliyeondolewa kizazi hana tena hedhi. Anayeogopa maji kudhuru kidonda wakati wa josho la janaba ana ruhusa ya kupaka juu ya bendeji au kutayamamu. Na ile wino ya alama za mionzi ni rangi tu. Maji yapite juu yake bila kusugua. Kila mmoja aulize kwa hali yake, maana fatwa hufuata hali.

Somo mpya

Ndugu zangu, sisi tuna desturi ambayo wengine wanaitamani. Bi harusi wa Pwani hapelekwi kwa mumewe gizani. Ana somo wa kumfunza mwili wake, usafi wake na upole wa faragha. Lakini somo huyo huyo, mwari wake akirudi hospitali miaka ishirini baadaye akiwa amekatwa titi au amepigwa mionzi, hana la kumwambia, naye mwari anaona haya kumwendea. Tunamfunza mwanamke kuingia katika ndoa, kisha tunamwacha peke yake ndoa inapopigwa na dhoruba.

Naomba vikundi vyetu vya akina mama vifanye jambo jepesi. Kila kikundi kimwalike muuguzi wa kike wa saratani, mara moja tu, akae na masomo na makungwi wetu alasiri moja. Na kila mgonjwa ajue kwamba ana haki ya kuomba kuzungumza na muuguzi mwanamke, na akikosekana, kumwuliza daktari mwanamume ni dharura iliyoruhusiwa. Aingie na mumewe. Akishindwa kusema, aandike swali kwenye karatasi na kuisukuma mezani.

Hivyo ndivyo alivyofanya mama yetu. Aliandika maswali yake mawili ya mwanzo kwenye jani la daftari la mtoto, akaenda kliniki na mumewe. Muuguzi alipokwisha kuyajibu, akamgeukia bwana na kumuuliza kama naye ana lake. Yule bwana, ambaye kwa miezi tisa hakuwa amesema kitu, akauliza kama ni kweli kwamba akimgusa mkewe kidonda cha ndani kitapasuka na kumuua. Kuna mtu alimwambia hivyo msikitini siku mkewe aliporudi. Miezi tisa yote alikuwa akimlinda.

Godoro la sebuleni limerudi chumbani. Yaliyobaki ni ya kwao wawili na Mola wao, na yataenda polepole. Mavyaa bado hajaomba radhi, na tunamwombea.

Allah awaponye wagonjwa wetu, awasitiri, na atie mawada na rehma katika nyumba zetu. Amin. Mwenye swali na alikabidhi kwa maalima wa mtaa wake katika bahasha iliyofungwa, bila jina. Juma lijalo, inshaallah, tutazungumza juu ya mume anayemuuguza mkewe, naye ni nani wa kumuuguza.

Wabillahi tawfiq.